Ramani ya Uvimbe wa Taya

Karatasi ilikuwa ndogo: picha za watoto waliovimba taya, maelezo mafupi, na swali moja kwa daktari atakayeipokea. Umewahi kumwona mtoto wa namna hii katika hospitali yako? Kuelekea mwaka 1960, karatasi zaidi ya 1,000 za aina hiyo zilitoka Kampala kwa posta kwenda hospitali za serikali na za misheni katika kila pembe ya Afrika. Ruzuku iliyolipia kazi hiyo ilikuwa pauni 25. Majibu yalipoanza kurudi, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alitundika ramani ukutani, akawa anachomeka pini kila mahali ambapo jibu lilikuwa ndiyo.

Habari hii husimuliwa zaidi kwa mwisho wake, yaani kupatikana kwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwisho huo una utukufu wake, nami siupunguzii. Ila kila ninaporudi kuisoma, macho yangu hubaki kwenye ile ramani na kwenye madaftari ya wagonjwa yaliyoilisha. Naona pale ufundi ambao hauzungumzwi vya kutosha: kuuliza swali lilelile mahali pengi, na kuiandika "hapana" kwa uangalifu uleule unaopewa "ndiyo". Pini huonyesha ugonjwa ulipo. Sehemu tupu ya ramani ndiyo ngumu kuitengeneza, kwa sababu utupu huaminika pale tu ambapo mtu amefika, ameuliza, amesubiri jibu na kuliandika.

Ugonjwa wenyewe leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Duniani kwa ujumla ni saratani adimu. Katika ukanda wetu, kulizunguka Ziwa Viktoria na kushuka hadi pwani, ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi, hasa wa kati ya miaka minne na minane. Huanza mara nyingi tayani. Magego hulegea kabla ya wakati, shavu hujaa, jicho husukumwa mbele. Kwa mtoto mwingine huanzia tumboni, kwenye figo, ini au ovari, na mama huona tu kwamba tumbo linakua huku mwili ukikonda. Seli zake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua kwa kasi zaidi ya huo.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake hapo Mulago, alimwita Burkitt amtazame mvulana wa miaka mitano hivi aliyevimba pembe zote nne za taya. Maambukizi ya mfupa hayakai hivyo, na saratani iliyokuwa ikijulikana haikuwa na desturi ya kutokea mahali panne kwa wakati mmoja. Muda mfupi baadaye, akiwa kwenye hospitali ya Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha akaona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Alipompima akakuta na tumbo lina vivimbe. Mgonjwa mmoja angeweza kubaki ajabu ya kusimulia. Wawili walimfanya arudi Mulago na kuanza kufungua majalada.

Hapo ndipo penye fundisho kwangu. Watoto hao walikuwa wameonekana hospitalini miaka mingi. Aliyevimba taya alipelekwa kwa wa meno, aliyetokwa jicho kwa wa macho, mwenye tumbo kwa wa upasuaji, na kila mmoja aliandikiwa jina la ugonjwa wake. Kilichowakusanya ni karatasi. Jack Davies, mtaalamu wa patholojia wa Mulago, alikuwa ameanzisha rejesta ya saratani ya Kampala na kutunza kumbukumbu za maiti zilizochunguzwa. Kilimani Mengo kulikuwa na hazina ya zamani zaidi: maandishi ya hospitali iliyofunguliwa mwaka 1897 na daktari wa misheni Albert Cook, ambaye alimwandikia kila mgonjwa kumbukumbu zake kwa mkono. Watafiti walipoyapekua walikuta humo watoto wenye uvimbe wa taya. Cook hakujua anamwandikia nani. Aliandika alichokiona, basi, na zaidi ya nusu karne baadaye ushahidi wake ulionyesha kwamba ugonjwa huu haukuwa mgeni Uganda.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha taarifa ya watoto 38. Aliuita uvimbe huo sakoma ya taya, jina ambalo halikudumu. Waliolisahihisha ni mafundi wa chumba kingine.

Chumba cha patholojia hakina msisimko kwa mpita njia. Kipande cha nyama kilichotolewa kwa mgonjwa hulazwa kwenye formalini kisioze, hukaushwa maji kwa alkoholi, hujazwa nta ya moto hadi kiwe kigumu, kisha hukatwa kwa mashine yenye wembe katika matabaka yasiyozidi maikroni chache. Tabaka huelea juu ya maji ya vuguvugu, huopolewa kwa kioo, hupakwa rangi ya zambarau inayoshika viini vya seli na ya waridi inayoshika kilichobaki. Wembe ukiwa butu, tabaka hukunjamana. Formalini ikichelewa, seli hufumuka na kumdanganya anayezitazama. Hakuna hatua hata moja inayoweza kuharakishwa bila kuharibu inayofuata.

Juu ya vioo hivyo, Davies na mwenzake Mmarekani Gregory O'Conor waliona kwamba vivimbe vya taya, vya tumbo na vya ovari vilikuwa kitu kimoja, limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili. Sura yake haisahauliki. Seli za saratani zimejipanga kwa wingi, za duara, zenye giza, zote kimo kimoja, na katikati yake zimetawanyika seli kubwa nyeupe-nyeupe. Wanapatholojia huiita sura hiyo anga la nyota, na sababu ya nyota hizo imo ndani ya kasi ya ugonjwa. Seli zinazozaliana upesi hivyo hufa nyingi pia, na zile nyeupe ni seli za kusafisha, zimevimba kwa mabaki ya maiti zilizomeza. Dennis Wright, aliyefanya kazi Kampala miaka ya 1960, aliongeza njia nyepesi zaidi: kipande kibichi hukatwa na kugusishwa kwenye kioo, seli zikaacha alama yake, zikapakwa rangi. Hapo huonekana buluu iliyokolea iliyozunguka kiini, na ndani yake vitone vidogo vya mafuta vinavyoonekana kama matundu. Kwa ugonjwa unaoweza kumwua mtoto ndani ya wiki chache, kupata jibu bila kusubiri nta kulikuwa jambo kubwa.

Turudi kwenye ramani. Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na tangu utotoni alikuwa na jicho moja baada ya kuumizwa. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara wa kaunti aliyependa ndege. Aliwafunga ndege wadogo pete miguuni, akachora mipaka ya eneo la kila mmoja, na wataalamu wa ndege bado wanamheshimu kwa kazi hiyo. Sijui kama inafaa kusema kwamba mtoto alirithi ramani, lakini siwezi kuacha kuliona. Burkitt alipokuwa Lira, kabla ya kuhamia Kampala, aligundua kwamba busha lilikuwa la kawaida upande mmoja wa wilaya ya Lango na haba upande mwingine, na akalifuata jambo hilo kijiji hadi kijiji. Madaktari wengi wangepasua tu na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani.

Karatasi za posta zilileta pini nyingi, pia zilileta shaka. Daktari asiyejibu ameuona ugonjwa au hajauona? Anayesema hajauona amekaa hapo miaka kumi au mwezi mmoja? Ikabidi kwenda. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Tanganyika kujipatia uhuru, Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari la zamani aina ya Ford. Walipita Tanganyika na Nyasaland hadi Msumbiji na Afrika Kusini, kisha wakarudi. Safari ilichukua wiki 10, kilomita 16,000 hivi, na hospitali zaidi ya 50. Williams alikuwa fundi wa magari kama alivyokuwa daktari, na kwa barabara za wakati ule ujuzi huo ulikuwa sehemu ya utafiti.

Kila kituo walifanya jambo lilelile: kuonyesha picha, kuuliza, kusikiliza. Walimwuliza daktari, na waliwauliza pia wauguzi na wasaidizi wa tiba waliokaa hapo muda mrefu kuliko yeye. Na aliyesema ndiyo aliulizwa swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoiokoa ramani nzima: mtoto huyo alitoka wapi? Hospitali kubwa hukusanya wagonjwa wa mbali. Ukichomeka pini mahali ilipo hospitali, umechora ramani ya hospitali. Mtoto aliyelazwa Nairobi huenda alitoka Nyanza au pwani, na akiwekwa Nairobi ataharibu hesabu ya nyanda za juu zote.

Pini zilipokaa mahali pake, zilionyesha mkanda mpana uliolala juu ya ikweta, wenye mkia ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Ndani ya mkanda kulikuwa na mashimo: Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, milima ya Rwanda na Burundi, nyanda za juu za Kenya. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana sana juu ya mita 1,500. Mtu wa haraka angeandika kwamba sababu ni mwinuko na kufunga daftari. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulishuka: ugonjwa ulikoma kwenye miinuko ya chini zaidi na zaidi. Mlima haubadiliki kwa kuwa mbali na ikweta. Kinachobadilika ni baridi. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alisaidia kuisoma ramani kwa jicho la mtu aliyeishi na mbu. Uvimbe ulikaa mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 15 au 16 hivi na mvua inazidi sentimita 50 kwa mwaka. Unguja na Pemba, visiwa vya joto na mvua ambako kampeni za kupambana na mbu zilikuwa zimeipunguza sana malaria, zilikuwa na wagonjwa wachache mno. Sehemu tupu ilikuwa imeanza kusema.

Sehemu ya London nitaipita upesi, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtaalamu wa hadubini ya elektroni aliyekuwa akichunguza kirusi cha saratani ya kuku. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu wa London ulifanya ndege moja itue Manchester, na kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yametibuka. Maji yaliyotibuka kwa kawaida yana bakteria na humwagwa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini kwanza. Aliona seli zilizo hai zikielea, zimejitenga na nyama kwa msukosuko wa safari. Seli hizo zilikubali kukuzwa, na Februari 1964 ndani yake kikaonekana kirusi cha jamii ya hepesi. Ripoti ya Machi mwaka huo ilikuwa na majina matatu: Epstein, Bert Achong wa Trinidad aliyeshughulikia hadubini, na Yvonne Barr aliyezikuza seli. Katika jina la kirusi, Epstein-Barr, Achong hakutajwa. Naona ni haki kumtaja hapa.

Ajabu ni kwamba kirusi hicho kilipopata vipimo vyake, kilionekana kipo kwa karibu watu wazima wote duniani. Huambukizwa kwa mate, na wengi hukaa nacho maisha yote bila kujua. Basi hakikuweza peke yake kueleza kwa nini pini zilijipanga vile. Ramani ndiyo iliyowazuia wanasayansi wasifurahi mapema. Kulihitajika kitu kingine chenye mipaka ileile ya joto na mvua, na malaria ikaingia mahali hapo barabara: maambukizi ya mara kwa mara, mwaka mzima, huzichochea seli zile za kinga kuzaliana bila kupumzika, na katika msongamano huo kromosomu mbili hukatika na kubadilishana vipande, jeni inayoamuru seli kukua ikawekwa mahali ambapo haizimwi.

Kuthibitisha hayo kulihitaji madaftari tena. Katika hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, Ted Williams aliendelea kumwandika kila mtoto aliyeletwa na uvimbe: kwao ni wapi hasa, ulianza lini. Kwa rejesta hiyo, yeye, Wright na mtaalamu wa takwimu Malcolm Pike walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa wilaya hiyo ya West Nile walioishi jirani walielekea kuugua katika vipindi vilivyokaribiana. Ukiacha tarehe moja wazi, au ukaandika jina la wilaya badala ya kijiji, hesabu ile haifanyiki.

Kisha ikaja kazi ambayo kila nikiifikiria naishiwa maneno. Guy de-Thé, wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani ya Lyon, pamoja na timu ya Waganda, walichukua damu ya watoto 42,000 hivi huko West Nile katika miaka ya 1970, wakati Uganda ikiwa chini ya Idi Amin. Waliigandisha, wakasubiri. Hawakuwa wanatafuta wagonjwa. Karibu watoto wote hao hawangeugua kamwe. Taarifa ya mwaka 1978 ilikuwa na wagonjwa 14. Damu yao, iliyochukuliwa wakiwa wazima, ilikuwa na kingamwili nyingi za kirusi kuliko ya watoto waliolinganishwa nao. Kumi na wanne kutoka 42,000, na kila mzazi wa wale wengine alikuwa ameshika mkono wa mwanawe huku sindano ikiingia.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Mara ya kaskazini, hospitali ya Shirati ikiwa kitovu, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua kweli. Lakini rejesta, ambayo ilianza kabla ya vidonge, ilionyesha kwamba ulikuwa umeanza kupungua mapema, na malaria ilirudi kupanda kabla mradi haujaisha. Watafiti waliandika yote mawili na kukiri kwamba jibu halikukamilika. Nawaheshimu kwa ukurasa huo kuliko ambavyo ningewaheshimu kwa ushindi.

Na watoto wenyewe? Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikuwa na faida kwenye uvimbe uliotapakaa, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa: methotrekseti, siklofosfamaidi, vinkristini. Taya zilizofumuka zilinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi ambazo leo zingeonekana ndogo. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mmarekani John Ziegler alikiongoza mwanzoni. Wageni walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mganda Charles Olweny alikishika na kukiendesha katika miaka migumu, dawa zikiwa haba. Leo katika nchi zenye hospitali tajiri wengi mno wa watoto wenye saratani hii hupona. Kwetu wengi bado hufika wamechelewa, au huacha matibabu nusu kwa kukosa nauli, na hilo haliwezi kutibiwa kwa dozi yoyote.

Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti mwingine ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, mwanasayansi Mganda wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, na Kuluva na Shirati zilikuwamo tena. Safari hii watoto wenye afya walioandikishwa walikuwa wengi kuliko wagonjwa, wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka vijiji vya mikoa ileile. Watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ile inayomkinga mtoto na malaria kali, walionekana kupata uvimbe huu mara chache kuliko wenzao. Tokeo hilo lisingeonekana wodini peke yake. Lilipatikana kwa sababu wapo watu waliokwenda kupiga hodi kwenye nyumba zisizo na mgonjwa, wakamweleza mama mwenye mtoto mzima wa afya kwa nini wanahitaji damu yake kidogo, wakaandika umri wake, kijiji chake na malaria alizowahi kuugua, kisha wakaenda nyumba ya pili.